Mbwa wa Kufungwa Mchana

Mimi nina mdomo, sikatai. Nikichelewa kwenye mkutano wa kitongoji watu hufurahi, wanajua leo watarudi majumbani mapema. Lakini siku afisa mifugo alipokuja hapa kwetu Masanze kutusomea sheria za mbwa sikuchelewa. Nilikaa mbele kabisa, maana katika kitongoji chetu mwenye mbwa wa maana nilikuwa mimi.

Na niseme mapema, kwetu mbwa hafugwi kwa kubembelezwa. Sisi ni Waislamu, na mama yangu mzazi, ambaye naishi naye, akiguswa na mate ya mbwa anaosha mara saba, moja kwa udongo, hata kama alikuwa anaelekea kulala. Mbwa wetu alikuwa wa shamba. Alikulia chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia mahindi, na huko ndiko nilikompelekea chakula kila jioni: ukoko wa ugali, vichwa vya dagaa, siku ya bahati matumbo ya kuku. Kabla hajaja, nguruwe pori walikuwa wanavuna wao, mimi naambulia mabua. Mchana ngedere, usiku nguruwe, kama wafanyakazi wa zamu. Alipokuja yeye nikaanza kujaza ghala. Wanangu wamesoma kwa meno ya mbwa yule na sioni aibu kusema.

Afisa mwenyewe kijana tu, ana adabu zake. Akanipa shikamoo, nikaitika, akafungua karatasi. Kila mbwa awe na mwenyewe anayejulikana. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka na cheti kiwepo. Mchana afungwe nyumbani kwa mwenyewe, usiku ndipo afunguliwe. Akimng'ata mtu, mwenye mbwa atabeba matibabu, na anaweza kufikishwa mahakamani, faini au kifungo au vyote viwili. Mpaka hapo watu walikuwa wanacheka na kusukumana. Aliposoma kwamba mbwa atakayekutwa anazurura mchana atapigwa risasi, wakanyamaza.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, na wale ngedere mmewasomea? Maana wao wanakuja mchana."

Watu wakaangua kicheko, na kijana mwenyewe akacheka. "Mama, mimi sikutunga," akasema. "Mimi nimetumwa kusoma."

"Haya. Na hiyo chanjo inakuja lini?"

"Itakuja."

Itakuja! Mwaka uliopita ilikuja kweli. Nilimpeleka mbwa wangu pale shuleni kwa kamba, tukapanga foleni na mbwa wa watu, akachomwa, nikapewa cheti, nikakiweka pamoja na kadi za kliniki za wanangu. Mwaka huu muda wake ulikuwa umepita. Nilikwenda kuuliza ofisini mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanaingia ndani. Jibu lilikuwa lile lile, subirini kampeni. Yaani sheria inakutaka uwe na kitu ambacho aliyeitunga hajakileta. Sasa hebu niambieni, mtu afanye nini?

Baada ya muda si mrefu tukasikia milio upande wa Kisanga. Waliotoka huko wakasema ni kweli, watu wa serikali wamepita na bunduki, mbwa wamelala barabarani. Mimi nikaogopa. Sikuogopa mahakama, niliogopa risasi. Nikaenda shambani nikamvalisha kamba nikamleta nyumbani, nikamfunga kwenye mti wa mlonge ulio nyuma ya jiko. Mama akatoka, akamtazama, akashika kiuno. "Kumbe serikali imetuletea mbwa uani," akasema. Siku hiyo hiyo akahamisha mkeka wake wa kuswalia, mitungi na birika, vyote akaviingiza chumbani kwake.

Mbwa hakuwahi kufungwa kamba kutwa. Siku ya kwanza alilia mchana kutwa. Ya pili akaanza kuitafuna, nikatafuta nene zaidi. Siku zilivyokwenda macho yakabadilika. Yule mbwa aliyekuwa anapishana na wanafunzi njiani bila hata kuwatupia jicho, sasa anabweka mpaka kwa kuku, anabweka mpaka kwa nguo zinazopepea kwenye kamba. Usiku nikimfungua anakimbia moja kwa moja shambani, na alfajiri inabidi nimfuate nikamkamate tena, na kila siku alikuwa ananipa shingo yake kwa shida zaidi. Niliona kabisa kwamba ninamharibu. Lakini nikimwacha, risasi. Nikawa naamka, namfunga, naomba radhi kwa mbwa, Mungu ananijua, nilikuwa namwambia kwa mdomo, samahani baba.

Jirani yangu wa kushoto, mwanamke mwenzangu, ni Mkristo. Babu yake aliletwa zamani kukata mkonge mashambani, mkonge ukafa, wao wakabaki. Tumeolewa hapa mwaka mmoja, mashamba yetu yanapakana, na mbwa wangu alikuwa analinda yote mawili bila kuuliza dini ya mtu. Ananiita dada, tunataniana mpaka watu wa pembeni wanadhani tunagombana. Kitinda mimba wake ni msichana, yuko darasa la pili, mimi ananiita mama mkubwa. Tangu ana miaka mitatu, sisi tukipalilia, yeye tulikuwa tunamlaza kwenye kanga chini ya dungu, na mbwa amelala pembeni yake. Mtoto alikuwa anampangusa tongotongo yule mbwa kwa upindo wa gauni lake.

Siku ya tukio ilikuwa mchana, mimi niko bombani. Mtoto alitumwa kunirudishia ungo. Mbwa alikuwa amezunguka ule mlonge mpaka kamba imekwisha, imemkaba shingo na imembana mguu wa mbele, anakoroma. Mtoto akamsikia. Akaweka ungo chini, akaenda kumfungua rafiki yake. Fundo lilikuwa nimelifunga mimi kwa nguvu zangu zote, vidole vya mtoto wa darasa la pili vitaliweza wapi? Akawa analivuta, na akilivuta kamba inazidi kumwingia yule mnyama. Mbwa akamng'ata mkono.

Mama ndiye aliyesikia ukelele. Mama yangu, ambaye mbwa akipita njia moja yeye anapita nyingine, alitoka chumbani bila hata viatu, akaingiza mikono yake miwili kwenye mdomo wa mbwa, akautanua, akamtoa mtoto, yeye mwenyewe asipate hata mkwaruzo. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta amekaa chini na mtoto mapajani, damu kwenye kanga yake ya kuswalia, anasema maneno ya Kisagara ambayo sijayasikia tangu nikiwa mdogo. Siku ile hakuosha mara saba. Hakukumbuka.

Mama mtoto alikuja mbio. Hakunilaumu, hata kunitazama vibaya hakunitazama, na ingekuwa afadhali anipige. Tukaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, tukapanda bodaboda watatu hadi zahanati. Nesi akaosha upya, muda mrefu, mtoto analia tunamshika. Kisha akaniuliza mimi.

"Mbwa ana chanjo?"

"Anayo, ila muda umepita."

"Yuko hai?"

"Yuko. Amefungwa."

"Basi sikilizeni vizuri. Msimuue. Narudia, msimuue. Afungiwe, apewe maji, apewe chakula, afisa awe anamwangalia. Akifika siku kumi yuko mzima, huyu mtoto mbwa hakumpa kichaa, mtalala usingizi. Akianza kuugua, tutajua tunapambana na nini." Akaandika barua ya kutupeleka hospitali, maana sindano za kichaa pale hakuwa nazo. Akasema na sindano msichelewe nazo, mbwa ni kitu kimoja na sindano ni kitu kingine, vyote viwili tunavihitaji.

Tukaondoka palepale. Simu yangu ilikuwa imezima na ya mwenzangu aliiacha nyumbani kwa haraka. Sikuwaza habari ya mbwa. Amefungwa, mama yupo, nani atamgusa? Hospitali ya kwanza tukaambiwa dawa imekwisha, nendeni Mikumi mkajaribu. Mvua ilikuwa imeharibu njia, gari lilinasa kwenye tope, tukalala kwa watu tusiowajua. Mikumi nako dawa ikawa inasubiriwa. Tukashauriana palepale kituoni, mimi na mwenzangu, mtoto katikati anakula mkate kwa mkono mmoja. Tukaona turudi nyumbani tukatafute nauli na nguo, halafu twende Morogoro kabisa.

Sasa lazima nieleze mila yetu, la sivyo mtawaona watu wa kwetu ni wabaya, na si wabaya. Hapa kwetu jambo likitokea baina ya majirani halipelekwi mbele. Mbuzi wa mtu akila shamba la mtu, mtoto akivunja mtoto mwenzake meno, linamalizwa hapa hapa. Mnyama aliyemuumiza mtu anauawa siku ile ile, mkeka unatandikwa, wenye ugomvi wanashikana mikono, dua inasomwa, na kuanzia hapo kulitaja tena ni aibu. Sheria inakuta watu wameshakula pamoja. Ndivyo tulivyoishi, Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mtu wa mkonge, bila kuchomeana nyumba.

Tulipofika nyumbani mkeka ulikuwa umetandikwa uani kwangu.

Wanaume wamekaa, mwenyekiti wa kitongoji katikati. Nyuma ya jiko, mlonge mtupu na kipande cha kamba. Baba wa mtoto, mume wa mwenzangu, akanyanyuka, akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mtu mpole yule, mwaka mzima unaweza usisikie sauti yake.

"Shemeji, pole kwa safari," akasema. "Yamekwisha. Walisema afisa akimkuta mbwa bila cheti utafungwa. Nikasema shemeji yangu hafungwi kwa ajili ya mtoto wangu. Nimemmaliza mwenyewe."

Nikamuuliza yuko wapi.

"Mtoni. Maji yamejaa, yameshamchukua."

Jamani. Mimi nilitukana. Niliyoyasema siwezi kuyaandika, na mengine niliyasema mbele ya mama yangu. Niliwaita wajinga, niliwaita wauaji, nilivuta mkeka wao nikautupa kwa kuku. Walidhani namlilia mbwa. Mwenyekiti, mzee ambaye kila nikimkuta namwamkia shikamoo, alikuwa ananitazama kwa huruma, anasema, "Mwanangu, tutakutafutia mwingine." Ilibidi mwenzangu ndiye awaeleze, taratibu, maneno ya nesi kama alivyoyasema, msimuue, narudia, msimuue. Mume wake alikuwa amenishika tena mkono kunituliza. Nilihisi vidole vyake vinalegea kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi..." akasema.

Afisa alikuja siku iliyofuata na pikipiki yake. "Mbwa yuko wapi?" Nikamweleza. Akavua kofia. "Hata kichwa?" akauliza. "Kichwa tu kingetosha, tungekipeleka maabara kikapimwa ubongo, tungepata jibu." Vijana wakashuka mtoni wakatafuta mpaka huko chini maji yanakotanda mashambani. Walirudi na tope hadi kiunoni. Yule kijana akakaa kwenye pikipiki yake bila kuiwasha.

Niliitwa ofisi ya kata na nilikwenda kwa hamu. Ndiyo, kwa hamu. Nilitaka nisomewe kosa, nifungwe, nilipe, nifanyiwe chochote kile. Nikasema mbele yao: mbwa ni wangu, cheti kimepitwa, mtoto ameng'atwa uani kwangu, niandikeni. Wakamuita mwenzangu aseme kama analalamika. Akasema, "Silalamiki. Huyu ni dada yangu." Wakamuita mumewe, akasema vivyo hivyo, macho chini. Mtendaji akatutazama, akafunga faili, akanipa onyo nisirudie. Nisirudie nini? Nilirudi nyumbani na onyo langu, njia nzima nalia kwa hasira, na sikujua hasira yenyewe nimwelekezee nani. Kijana wa karatasi? Nesi alisema yote yaliyopaswa kusemwa. Mama alitoa mikono yake. Yule baba alifanya kwa kunipenda. Hata mbwa, mtu aliyekabwa shingo asing'ate?

Sindano mtoto alizipata. Morogoro walikuwa nazo, tukachomwa ya kwanza tukiwa tumechelewa, kisha tukawa tunarudi kwa kila tarehe hadi zikaisha zote. Nasema tukachomwa kwa sababu kila mara nilikwenda nao. Ya mwisho ilipochomwa nikamfuata daktari mlangoni, nikamuuliza kama sasa basi.

"Mama, tumefanya kinachotakiwa," akasema. "Mngeanza mapema ningekujibu kwa sauti kubwa. Mbwa angekuwepo ningekujibu vizuri zaidi. Wengi wanapona. Sasa tunasubiri."

"Mpaka lini?"

"Miezi. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya, mtu anacheza, anasoma, halafu ukaja."

"Na ukija tutaujuaje?"

Alisita, nadhani aliona nimeshajua, nataka tu anithibitishie. "Atashindwa kunywa maji. Akiona maji koo litambana." Nikamuuliza na ukishakuja unatibiwa na nini. Akanishika bega, akaita mgonjwa mwingine.

Hiyo ndiyo hali yetu tangu siku hiyo. Shamba limerudi kwa nguruwe. Usiku tunawasikia kabisa wanavunja mahindi, wanatafuna bila wasiwasi, na mimi nimelala nawasikiliza. Nimeletewa mbwa mdogo, mwenyekiti alitimiza ahadi yake, nikamrudishia. Baba wa mtoto ananiamkia akiwa mbali, kisha anageuza njia. Jioni mke wake anamkuta amekaa na mtoto, anamwambia asome kwa sauti, kitabu chochote, anasikiliza koo lake.

Na asubuhi ni zamu yetu sisi wanawake. Mtoto akienda shule anapita kwangu na mama yake. Nakuwa nimeshachota maji, nimeyaweka kwenye kikombe cha plastiki. Nampa, anakunywa, sisi wawili tumesimama tunamtazama shingo. Akimeza tunapumua. Hatujawahi kupanga jambo hili wala kulizungumza. Mama yake husema, "Haya, mwambie mama mkubwa asante," na wanakwenda zao.

Juzi alikataa.

"Sina kiu," akasema. Amevaa sare yake, mkoba mgongoni, kovu la mkono limeshakuwa jeupe.

"Kunywa kidogo," nikasema.

"Mama mkubwa, nimekunywa chai, nimeshiba."

"Kunywa!" Mama yake alimpigia kelele ambayo sijapata kuisikia kwake. Akamshika mabega, akamtikisa, kikombe mkononi mwangu kinamwaga. "Nimesema kunywa! Unaogopa nini? Kunywa nikuone!"

Mtoto akalia. Akatutazama mmoja mmoja, mama yake, mimi, na mama yangu aliyekuwa ametoka hadi mlangoni kusikia kulikoni. Kisha akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa huku analia, yakampalia, akakohoa, na sisi tukakauka pale tulipokuwa, akavuta pumzi, akaendelea, akanywa mpaka tone la mwisho, mengine yakamlowesha kifuani. Akakigeuza kikombe juu chini tuone.

"Nimemaliza yote," akasema. "Nikiwa nayamaliza kila siku sitakufa, eti mama mkubwa?"

Mama yake akageukia barabarani. Mimi nikachukua kikombe, nikampangusa kifua kwa upindo wa kanga, nikamwambia awahi shule.